Ushauri: Binti anataka programu ya digrii na udaktari kwa pamoja hapa Marekani, tuanzie wapi?

BabaSalma_KC

Wakuu, habari za wakati huu.

Naomba mwongozo kwa wanaoyajua haya mambo. Binti yupo darasa la 11, Kansas City upande wa Missouri. Familia ina grini kadi. GPA yake (wastani wa alama) ni 3.9, SAT (mtihani wa kuombea chuo) ya kwanza kapata 1430, AP Biolojia (somo la kiwango cha chuo) anaimaliza mwaka huu, mwakani atachukua Kemia na Kalkulasi. Nyumbani Tanzania mtoto wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) akitoka Form Six na alama nzuri anaingia MD (digrii ya udaktari) moja kwa moja, miaka mitano MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili, na mwaka mmoja wa intern. Huku naambiwa digrii kwanza, kisha MCAT (mtihani wa kuingia shule ya udaktari), kisha aombe upya. Halafu kuna hizi programu zinazomchukua mtoto toka sekondari mpaka MD kwa ombi moja. Je, kwa alama hizo ana nafasi? Maombi yanaanza lini? Na gharama je?

Bint_Pangani

Kaka, kabla ya insha na alama, angalia kila programu inapokea nani. Ile ya University of New Mexico kwa mfano ni ya wakazi wa jimbo hilo, pamoja na wanafunzi wa Navajo Nation. PLME, programu ya pamoja ya chuo cha Brown, inapokea mtoto wa nchi yoyote. Nyingi zilizobaki zinataka uraia au grini kadi, kwa hiyo hapo mko salama. Ndugu zetu waliokuja kama wakimbizi na wanasoma uzi huu: sheria inaruhusu kuomba grini kadi baada ya mwaka mmoja nchini. Msingoje mtoto afike darasa la 12, faili hukaa miezi mingi.

Ninyi mna bahati ya kuwa mlangoni kabisa. UMKC (University of Missouri-Kansas City), hapo hapo mjini kwenu, ina BA/MD (digrii ya kwanza na udaktari kwa pamoja) ya miaka sita, na mkazi wa Missouri halipi ada ya mtu wa nje ya jimbo. Wanafunzi wanakutana na wagonjwa tangu miaka ya mwanzo, katika vikundi vidogo chini ya daktari mlezi. Ila miaka sita inapatikana kwa kusoma hata kiangazi, na binti ajue hilo kabla ya kusaini. PLME ya Brown ni miaka minane, haitaki MCAT, na mwanafunzi anaruhusiwa kusomea hata historia au muziki katika digrii ya kwanza. Kati ya hizo mbili kuna za miaka saba, kama ile ya College of New Jersey na shule ya udaktari ya Rutgers iliyopo Newark.

Orodha za mitandaoni msiziamini. Nyingi bado zinaitaja HPME, programu ya pamoja ya chuo cha Northwestern, ambayo ilishafungwa. Tumieni orodha ya AAMC (chama cha shule za udaktari za Marekani), kisha mhakikishe kwenye ukurasa wa chuo chenyewe.

Fundi_wa_Fomu

Kuhusu alama. GPA hiyo inapita mlangoni. 1430 ni ndogo kwa Brown, na Brown imerudisha sharti la SAT au ACT (mtihani mwenzake). Aufanye tena mtihani Agosti, maana mtihani wa Oktoba unaangukia kwenye wiki za kuandika insha. Alenge 1500 na kuendelea.

Kalenda ni hivi. Mwezi wa tano, kabla shule hazijafungwa, aombe barua za mapendekezo: mwalimu wa sayansi mmoja, wa somo jingine mmoja, na mshauri wa shule. Awape karatasi ya ukurasa mmoja yenye mambo aliyofanya darasani mwao, kwa sababu mwalimu anayeandika barua thelathini hawezi kukumbuka yote. Common App (fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi) ya mwaka mpya inafunguka Agosti 1. Humo kuna kisanduku cha kukubali kwamba hatazisoma barua hizo. Akubali. Asipokubali, msomaji wa barua anajiuliza mwalimu aliogopa kuandika nini, na barua zikishatumwa uamuzi huo haubadilishwi.

Novemba 1 ndiyo tarehe inayowaumiza wengi. Nyingi ya programu hizi zinafunga mapema kuliko maombi ya kawaida ya chuo kile kile, na nyingine zina fomu ya pili inayotumwa kwa shule ya udaktari. Mtoto anatuma Common App, anapumzika, kumbe fomu ya pili haijajazwa na ombi halisomwi kabisa. Tengenezeni jedwali lenye safu nne: tarehe ya chuo, tarehe ya programu, fomu ya ziada, mitihani inayotakiwa. Programu chache zinataka pia mtihani wa CASPer (wa kupima busara na maadili), ambao matokeo yake huchukua muda kufika, kwa hiyo usifanywe wiki ya mwisho.

Jambo moja kuhusu Early Decision ya Brown (ombi la mapema linalomfunga mwombaji): mkataba ule ni wa kwenda Brown. Akikubaliwa chuo na kukataliwa PLME, bado amefungwa. Kama shida yenu ni uhakika wa udaktari na pesa, hapo fikirini mara mbili.

Msisahau msamaha wa ada. Mtoto anayepata chakula cha bure shuleni huwa anastahili kuombea vyuo bila kulipa, na SAT pia.

Mwana_Goma

Mimi niseme kuhusu insha na shughuli, maana ndiko watoto wetu wanapoangukia hata wakiwa na alama kubwa.

Wasomaji wa maombi wana swali moja: mtoto wa miaka 17 amejuaje kwamba anataka udaktari? «Napenda sayansi na kusaidia watu» inajibu kwa nini awe muuguzi, mwalimu au mfamasia. Kwa hiyo anahitaji saa za kweli karibu na wagonjwa: kujitolea hospitali au nyumba ya wazee, na kumfuata daktari kazini siku kadhaa. Hospitali nyingi zinataka kipimo cha kifua kikuu na kadi ya chanjo kabla ya siku ya kwanza, na nafasi za kiangazi hujaa mapema. Aombe sasa hivi.

Common App inatoa nafasi 10 za shughuli, kila moja herufi 150 tu. Angalia tofauti. «Nilijitolea hospitali na kusaidia wagonjwa mbalimbali» haina kitu. «Wodi ya wazee kila Jumamosi: kugawa maji, kusukuma viti vya magurudumu, kukaa na wasio na wageni» inaonekana. Kazi za nyumbani nazo ziingie. Kulea wadogo zake jioni wakati wazazi wako kazini ni shughuli halali, ina sehemu yake kwenye fomu, na watoto wetu wanaiacha wazi kwa aibu.

Lakini hapa pana mtego unaotuhusu sisi Waswahili. Watoto wetu wengi wanawatafsiria wazazi na bibi zao kliniki, kisha wanajiandika «mkalimani wa hospitali». Kanuni za afya za Marekani zinakataza kumtegemea mtoto mdogo kutafsiri kati ya daktari na mgonjwa, isipokuwa kwa dharura mpaka mkalimani apatikane. Msomaji wa maombi ni mtu wa hospitali, anaijua kanuni hiyo. Aandike alichofanya hasa: kumsindikiza bibi, kupanga miadi, kusoma maelekezo ya dawa, kudai mkalimani aletwe. Hilo la kudai mkalimani, kama kweli alilifanya, lina uzito kuliko kutafsiri mwenyewe, maana linaonyesha ameona mgonjwa anavyoweza kuumia neno moja likikosewa.

Usaili mara nyingi ni wa vituo: anasoma kisa mlangoni dakika mbili, anaingia, anajibu kwa dakika chache, anahamia kingine. Afanye mazoezi na mtu asiye ndugu. Nyumbani kwetu mtoto hufundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na msaili wa huku anaweza kuisoma adabu hiyo kama woga.

BabaSalma_KC

Asanteni sana, wakuu. Hapo kwenye pesa bado sijaelewa. Na akikosa zote je?

Mzee_wa_Tabata

Ndugu yangu, pesa mziangalie kabla ya kushangilia barua. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 inafuta mkopo wa Grad PLUS (mkopo wa serikali kwa masomo ya baada ya digrii ya kwanza) kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026. Mwanafunzi wa udaktari atakopa serikalini hadi dola 50,000 kwa mwaka na jumla isizidi 200,000. Shule nyingi binafsi zinapita kiwango hicho ukiweka chumba na chakula. Kwa digrii ya kwanza, mtoto anayetegemea wazazi anakopa dola 5,500 tu mwaka wa kwanza. Kwenye programu ya miaka sita, ulizeni ofisi ya fedha ni mwaka gani hasa anaanza kuhesabiwa mwanafunzi wa udaktari, na majibu mpewe kwa maandishi.

Kuna na upande wa pili. NYU ilifuta ada ya udaktari mwaka 2018. Albert Einstein kule Bronx ikafuata mwaka 2024 baada ya mchango wa dola bilioni moja wa Ruth Gottesman. Mtoto aliyejifunga kwenye programu ya pamoja hawezi kuzijaribu kirahisi, kwani baadhi ya programu zinamnyang'anya nafasi akiomba kwingine. Someni kifungu hicho. Someni pia GPA anayotakiwa kuishikilia kila muhula, na kama MCAT bado ipo: «nafasi ya uhakika» yenye sharti la MCAT ni uhakika nusu.

Na wakija mawakala wa shule za udaktari za visiwa vya Karibea wenye maneno ya «nafasi ipo leo», ulizeni kama shule ina ithibati ya LCME (chombo kinachoidhinisha shule za MD za Marekani). Kama inatoa DO (digrii ya udaktari wa osteopathia) badala ya MD, ithibati ni ya COCA, chombo cha shule za DO, na hiyo ni njia nzuri. Vyuo vya LECOM na NYIT vina programu za pamoja za DO, na tangu 2020 madaktari wa DO na MD wanagombea mafunzo ya ubingwa katika mfumo mmoja.

Bint_Pangani

Akikosa zote, aingie chuo cha kawaida chenye ada nafuu na GPA yake ianze kulindwa muhula wa kwanza. Mlango wa pili upo mwaka wa pili wa chuo. FlexMed, programu ya shule ya udaktari ya Mount Sinai, New York, inapokea maombi ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, wa fani yoyote, bila MCAT. Georgetown na University at Buffalo nao wana utaratibu wa kukubali mapema. Kwa sababu hiyo, kwenye Common App msijaze programu za pamoja peke yake. Wekeni tatu au nne za pamoja, na vyuo vya kawaida visivyopungua vitano, viwili vikiwa vya jimbo lenu la Missouri.