Jamaa kaanguka kiwandani, wanasema alipewa mkanda wa kuzuia kuanguka hakufunga. Afunge wapi?

Ngosha_wa_Igoma: Wakuu habari za jioni. Mi fundi wa kuchomelea huku Nyakato, kibarua tu, naitwa kukiwa na matengenezo. Wiki mbili nyuma kiwanda fulani kilisimamisha mashine tubadili mota ya juu, kuna jukwaa la chuma kama mita 4 kutoka chini, sasa ili mota ipite wakatoa kipande cha reli na sahani moja ya kukanyagia, lile tundu wakalifunika katoni eti grisi isiwadondokee wa chini. Mwenzetu katoka kunywa chai, kapanda, kakanyaga katoni. Tumemzika Magu. Leo bosi anasema marehemu alisaini kupokea mkanda, uzembe wake mwenyewe. Familia ina chochote au ndo basi?

mzee_wa_spana: Poleni sana aisee. Katoni juu ya tundu ni mtego, bora wangeacha wazi mtu alione, na ilitakiwa ubao mzito uliofungwa au wazungushie kizuizi. Halafu huo mkanda ni wa kiunoni? Ule sio wa kudaka mtu, unakuumiza tumbo, inatakiwa ile hanesi ya mwili mzima, mikanda inayoshika mabega na mapaja. Na hata hanesi piga hesabu, kamba mita 2, ile mishono inayofumuka kupunguza mshtuko inaongeza mita moja na zaidi, bado urefu wako, ukiwa umefunga usawa wa miguu kwenye mita 4 unafika sakafuni kamba haijamaliza kazi. Ndo maana wanasema funga juu ya kichwa. Pale cha kumwokoa ilikuwa reli.

Mama_Sato: @Ngosha acheni kubishana na bosi, nendeni WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ule mfuko mwajiri ndo anachangia, mfanyakazi hakatwi hata mia, na akifa kazini kuna hela ya mazishi na malipo ya wategemezi, mjane na watoto. Madai mwisho miezi 12 msilale. Chukueni ripoti ya polisi na ya daktari. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, Kanda ya Ziwa nao wapo hapahapa Mwanza, ajali ya kifo lazima waijue.

chuma_cha_pua: Ila na sisi mafundi wabishi jamani, ukivaa hanesi wenzio wanakuita rubani 😂 Pole lakini mkuu.

mzee_wa_spana: @chuma sio mahali pake hapa. Aliyetoa sahani ni nani, na nani aliruhusu watu wapande baada ya chai?

Ngosha_wa_Igoma: Ahsanteni, ahsante dada. @mzee ni wa kiunoni kweli. Na mnajua sisi siku zote ndoano tulikuwa tunafunga wapi? Kwenye ileile reli waliyoitoa. Picha ya katoni ninayo, nilipiga kabla hawajafagia. Kesho asubuhi naenda na kaka yake WCF.