Tupeane uzoefu: plota yako ya kwanza ya kukata stika, siku gani uliilaani?

Stika za Mpakani (Busia)
Ndugu zangu, jana nimepita kwa jirani nikamkuta kijana anakata stika kwa mkasi. Kwa mkasi! Maneno "MUNGU HALALI", ya kioo cha nyuma cha taksi, na jasho linamdondokea kwenye herufi. Nikajiona mimi nilivyoanza: wembe wa kunyolea, rula ya mwanafunzi, na hiki kidole cha shahada kina kovu mpaka leo. Sasa nina milioni 3 za Uganda mkononi, si za mkopo. Nataka plota. Mwenye nayo aseme alinunua ipi, na siku gani aliilaani. Matangazo ya wauzaji nimeyasoma yote, yananitosha.

Fundi wa Arua
Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ya Kichina, upana wa sentimita 72, mota za stepa. Ile inayopiga kelele mpaka mteja anauliza kama inaumwa. Stika za boda, namba za milango, majina ya vioo vya saluni, ilifanya bila maneno.

Niliilaani siku ya lori. Mwenye lori alitaka mstari wa mita 5 ubavuni, jina la kampuni yake na mshale mrefu. Roli nzima ya vinaili (ile plastiki ya stika) ya mita 50 nimeiweka nyuma, mashine inaivuta yenyewe. Kumbe stepa haijui kama imeteleza. Inaambiwa piga hatua elfu, inapiga, inaamini imefika. Roli likigoma, hatua zinapotea, nayo inaendelea na kazi kama mlevi anayejua kwao ni wapi. Mita ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu mstari ukaanza kupanda kama barabara ya Kabale. Herufi O ilianza hapa ikaishia pale, pengo la kupitisha ukucha. Vinaili ya mita 5 ikawa takataka, na mwenye lori amekaa kwenye kiti anakunywa soda yangu.

Tangu siku hiyo nafunua mita zote kwa mkono kwanza, zilegee sakafuni (sakafu ipigwe deki, vumbi la Arua mnalijua), ndipo nabonyeza kata. Na zile rola ndogo za kubana nazipanga juu ya sehemu za mhimili zenye chenga za kung'ata vinaili tu. Rola ikibana pasipo na chenga haivuti kitu.

Kijana wa Nasser Road
Ndiyo maana tunasema nunua servo. Servo inajipima kila wakati, ikisogezwa inajua na inajirudisha mahali pake. Roland au Graphtec, Mjapani, kwisha. Mengine ni vyombo vya kuchezea.

Fundi wa Arua
Kwa milioni 3 Mjapani mpya utamwona kwenye picha, ndugu yangu.

Kijana wa Nasser Road
Nani kasema mpya? Kuna Roland GX-24 za zamani zimekata toka sijamaliza shule na bado zinakata. Wewe endelea kununua kelele.

Fundi wa Arua
Kelele hiyo imejenga nyumba ya vyumba vitatu. Yako ya Kijapani imejenga nini?

Bint Jinja
Acheni ugomvi. Mimi nilinunua hiyo GX-24 iliyotumika, na nawaambia: iliyotumika ina siri zake. Wiki ya kwanza inakata vizuri upande wa kushoto, upande wa kulia inapasua mpaka karatasi ya nyuma, katikati inaruka. Nikasema wembe umechoka. Nikanunua wembe. Nikanunua wa pili. Wa tatu ndipo mzee mmoja akaja, hakugusa hata kitufe, akapitisha ukucha juu ya ule utepe mweupe ambao kisu kinatembelea. Mitaro! Mwenye nayo wa kwanza alikuwa anakandamiza kisu kama analima, utepe umechimbika mwanzo hadi mwisho. Kisu kikifika kwenye mtaro kinazama, kikitoka kinaelea. Kubadilisha ule utepe ni kazi ya dakika kumi, na mimi nimeshakula nyembe tatu.

Kwa hiyo ukienda kununua ya mkono wa pili, ukucha kwanza. Halafu angalia rola za kubana. Mashine ikikaa miezi na mkono wa rola umeshushwa, mpira unabonyea upande mmoja, na ukizunguka unadunda. Muuzaji atakuambia "hiyo ni kawaida, nnyabo". Si kawaida.

Mzee Brashi
Nimechora mabango toka 1983. Brashi haina mota.

Kijana wa Nasser Road
Mzee, bango moja siku tatu. Sisi siku tatu tumevika taksi arobaini.

Mzee Brashi
Na baada ya mwaka zote arobaini zimejikunja pembe kama majani ya ndizi. Nenda kaangalie maduka ya barabara ya Soroti, herufi zangu za rangi ya mafuta bado zinasomeka, na wenye maduka wengine wamekufa.

Salongo
Hahaha mzee kapiga hapo hapo.

Mama Herufi (Mbale)
Mmetaja waliokufa, basi ngoja niseme, sijawahi kulisimulia hili kwa kuandika.

Ilikuwa 2024, saa mbili usiku, familia moja kutoka upande wa Bududa wakaja dukani. Mazishi kesho. Msalaba wa mbao umeshapakwa rangi nyeupe, wanataka jina la mzee wao na miaka: kuzaliwa 1951, kufariki 2024. Kazi ndogo kabisa. Nikaandika, nikaweka vinaili nyeusi, mashine ikaanza. Jina likatoka. 1951 ikatoka. Umeme ukakatika.

Mashine yangu ile haikumbuki kitu. Umeme uliporudi baada ya saa nzima, kichwa kikarudi mwanzo kabisa. Nikakata miaka iliyobaki peke yake kwenye kipande kingine. Nimemaliza kung'oa mabaki, natafuta tepu ya kuhamishia herufi kwenye mbao: imeisha. Maduka yamefungwa. Umeme ukaondoka tena. Wale watu wamesimama, mmoja analia taratibu mlangoni. Nikasema haidhuru, nikawa nabandika tarakimu moja moja kwa ncha ya wembe, binti yangu ananishikia tochi ya simu. Wakalipa, wakashukuru, wakaondoka na msalaba kwenye pikapu.

Kesho yake saa saba mchana simu inalia. Sauti ya mwanaume: "Mama, umeandika nini kwenye msalaba wetu?" Nikasoma kwa kukumbuka, nikasema jina, nikasema miaka. Akasema, "Hapana. Hapa panasema amekufa 2042."

Banange. Nilikaa chini.

Msalaba ulibebwa mbele ya jeneza kutoka nyumbani mpaka kaburini, hakuna aliyesoma, watu wana uchungu. Aliyesoma ni mtoto wa darasa la nne, kwa sauti, mchungaji akiwa katikati ya sala. Na bibi mmoja, dada wa marehemu, akasema: "Kama alikuwa na ruhusa mpaka 2042, nani kamharakisha?" Waliocheka walicheka. Lakini mzee yule alikufa ghafla, maneno ya chini chini yalikuwepo tangu jana yake, na kuna shemeji mmoja alikuwa anatazamwa. Nikasikia kwenye simu watu wameanza kupandishiana sauti. Kwa tarakimu zangu mbili!

Nilifunga duka, nikachukua wembe, spiriti, na stika mpya ya 2 na 4, nikapanda boda. Mvua ya kule mnaijua, matope mpaka kwenye vifundo, mara mbili tulishuka tukasukuma pikipiki.

Salongo
Mama usituache hapo!!

Bint Jinja
Na shemeji?

Mcha Mungu wa Tororo
Hivi mnacheka msiba wa watu? Hii si mada.

Salongo
Hakuna anayecheka msiba, tunacheka 2042.

Kijana wa Nasser Road
Kwa heshima zote Mama, hilo si kosa la plota. Ni tochi.

Mama Herufi (Mbale)
Mwanangu, ningekuwa na betri ya akiba (UPS) ya laki tatu isingefika kwenye tochi. Plota haili umeme kama pasi. Ile betri ndogo ya kompyuta inaibeba mpaka imalize kazi yake. Stika za Mpakani, kwenye hizo milioni 3 toa hiyo kwanza, kabla hujauliza jina la mashine.

Fundi wa Arua
Naunga mkono. Na waya wa athi, ule wa kupeleka umeme ardhini. Vinaili ikisuguana na karatasi yake inatengeneza umeme ule wa kushtua, siku za kiangazi mashine yangu ilikuwa inasimama katikati ya kazi, kompyuta inasema haioni kitu. Nilibadilisha draiva (programu inayounganisha mashine na kompyuta) mara sita. Tatizo lilikuwa soketi haina athi na kebo ya USB ndefu mno. Sasa natumia fupi, isiyozidi mita moja na nusu.

Duka la Mapambo (Gulu)
Mimi sijui mambo ya malori. Nina Cricut, ile mashine ndogo ya mezani, nakata za vikombe, fulana, na keki za sherehe. Inatosha.

Kijana wa Nasser Road
Sentimita 30 za upana. Ukipata bango utalikata vipande kumi kama nyama ya sikukuu. Na programu yake inataka akaunti na mara nyingi intaneti, data ikiisha unaweza kukwama.

Duka la Mapambo (Gulu)
Sijaomba bango. Mwaka jana fulana za shule zimenilipia kodi ya nyumba. Kila mtu na soko lake, ssebo.

Stika za Mpakani (Busia)
Dada yuko sawa. Mimi soko langu: taksi, boda, matrela ya Malaba, na sasa wateja wanataka stika zilizochapwa picha halafu zikatwe kwa kuzunguka umbo. Hilo linahitaji nini?

Bint Jinja
Jicho. Mashine isome zile alama nyeusi za pembeni mwa karatasi iliyochapwa, ijue picha iko wapi na imepinda kiasi gani. Za bei ya chini zinakupa nukta ya leza, wewe unasogeza kichwa kwa vitufe mpaka alama moja, halafu nyingine, halafu nyingine. Karatasi moja sawa. Karatasi mia? Macho yatakutoka. Graphtec zinasoma zenyewe, na siku hizi hata za Kichina ziko zinazosoma zenyewe, ila omba uoneshwe ikisoma, na karatasi uiweke imepinda makusudi. Muuzaji akikuzuia kuipinda, ondoka.

Fundi wa Arua
Nenda na faili lako mwenyewe kwenye flashi. Herufi ndogo za milimita 5, duara moja kubwa, na mstari wa mita 3. Watakuonesha kipepeo chao kilichokatwa vizuri, kila duka lina kipepeo. Mwambie ahsante, sasa kata hii yangu.

Mzee Brashi
Na uliza nani ataitengeneza ikifa. Mashine isiyo na fundi Uganda hii ni meza.

Kijana wa Nasser Road
Leo tumekubaliana mzee.

Mzee Brashi
Mara moja tu.

Okello Reflekta
Kwa matrela: reflekta (stika ya kung'aa ikimulikwa usiku) ni nene na ina chembe za kioo, inakula wembe. Tumia wembe wenye ncha ya pembe ya nyuzi 60, ule wa 45 ni wa vinaili ya kawaida. Nguvu ya kukandamiza anza chini, gramu 80, panda polepole. Ukigeuza karatasi ya nyuma ukaona mkwaruzo mwepesi bila kupasuka, hapo hapo.

Fundi wa Arua
80 kwa reflekta? Hata vinaili ya kawaida mimi nakata kwa 110.

Okello Reflekta
Nimesema anza.

Fundi wa Arua
Basi wembe wako mpya kila Jumatatu.

Salongo
Mimi nasema usinunue. Roli na mashine na nyembe, za nini? Chora kwenye kompyuta, tuma faili Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, wanakukatia kwa mita, basi la jioni linakuletea. Nimefanya hivyo miaka miwili.

Stika za Mpakani (Busia)
Na mteja wa taksi anayetaka sasa hivi kabla abiria hawajajaa?

Salongo
Huyo mpe mkasi.

Bint Jinja
Nani anatumia ile programu ya zamani ya Kichina inayodai CD iwe ndani ya kompyuta kila ukiifungua? Mimi CD yangu imekwaruzika na laptopu mpya haina hata mlango wa CD.

Kijana wa Nasser Road
Achana nayo. Tumia programu ya SignMaster, au kata moja kwa moja kutoka CorelDraw. Ila uliza kabla ya kununua leseni inakuja na mashine au utatafutiwa "njia".

Mcha Mungu wa Tororo
"Njia" ni wizi.

Kijana wa Nasser Road
Ndiyo maana nimesema uliza.

Stika za Mpakani (Busia)
Nashukuru wote. Naenda Kampala Alhamisi, na ukucha, flashi, na karatasi iliyopinda. Nadhani nitachukua ya Kichina yenye servo na jicho, kama hela itafika, na betri ya Mama. Lakini Mama, hukumaliza.

Mama Herufi (Mbale)
Nilifika kaburi limeshafunikwa, msalaba umesimama, watu wameketi wanakula. Nikapiga magoti kwenye matope mbele yao wote nikakwangua. Yule bibi akaja akanishikia mwavuli, hakusema neno. Shemeji alikuwa ameondoka. Tarakimu mpya zilikaa vizuri, lakini spiriti ilikula ile rangi nyeupe kidogo, ukisogea karibu unaona kivuli cha 4 chini ya 2.

Okello Reflekta
Pole Mama. Halafu, wembe wa nyuzi 60 Mbale mnaupata duka gani?