Mafundi mmenila Sh 780,000 kwa mlio wa usukani, kumbe ni bolti mbili mlizofunga wenyewe!

Wakuu habari za jioni.

Nimekuja na hasira na sitaificha. Mimi ni dereva wa lori langu mwenyewe, Fuso la tani 7. Napakia dagaa Mwaloni Kirumba napeleka Geita, kurudi nabeba mananasi au mzigo wowote utakaopatikana. Hilo lori ndilo linalosomesha wanangu. Kwa miezi miwili limekuwa likinigongea usukani, na kwa miezi hiyo miwili gereji tatu za hapa Mwanza zimenichuna bila fundi hata mmoja kulala chini ya gari akautafuta ule mlio unatokea wapi.

Ilianza hivi. Boksi ya stelingi, ile inayopokea mzunguko wa usukani na kuusukuma kwenda kwenye matairi, ilikuwa inavuja, nikaipeleka gereji ikashushwa, ikabadilishwa oili sili (mpira wa kuzuia oili isivuje), ikarudishwa. Uvujaji ukaisha. Kama wiki mbili baadaye mlio ukaanza. Ukikata usukani kidogo kushoto, kimya. Ukirudisha kulia, ngo! Si kelele ya vyuma kusagana. Ni pigo moja zito, unalipata viganjani kabla halijafika masikioni. Kwenye lami iliyonyooka linapoa, ukikanyaga shimo au ukivuka tuta, ngo, ngo. Na usukani ukawa mvivu, unauzungusha kidogo haujaitika, halafu ghafla tairi linafuata.

Nikarudi gereji ile ile. Naomba msome tena: ile ile iliyotoka kushusha boksi. Nikawaambia tangu mmeigusa linagonga. Fundi akalisukasuka tairi kwa mguu, akasema tairodi endi zimekwisha, vile viungo vya ncha za tairodi, fimbo inayounganisha matairi mawili ya mbele. Zikabadilishwa zote mbili, pamoja na dragi linki, fimbo inayotoka kwenye boksi kwenda upande wa tairi. Sh 310,000 na siku mbili limelala. Nimetoka getini, kona ya kwanza, ngo.

Tena hawakupima mkao wa matairi baada ya kubadilisha hizo tairodi endi. Tairodi ndiyo inayoamua matairi ya mbele yatazame wapi, ukiifungua ukaifunga kwa kukadiria, matairi yanakwenda yanajiburuta. Safari tatu tu za Geita, ukipitisha kiganja kwenye ukingo wa ndani wa tairi langu la kushoto unahisi meno kama ya msumeno. Tairi jipya hilo.

Gereji ya pili wakalinyanyua kwa jeki, wakashika tairi juu na chini wakalitikisa, likacheza kidogo. "Bosi, kingpini." Yaani ile pini ambayo tairi la mbele huzungukia likikata kona. Mimi nikalipa Sh 420,000 na ufundi ndani yake. Wakuu, leo ndiyo najua kwamba tairi likicheza juu na chini, kabla hujasema kingpini unampandisha mtu akanyage breki huku wewe unalitikisa. Likitulia, ni beringi ya gurudumu. Likiendelea kucheza vile vile, hapo ndiyo unaizungumzia kingpini. Ni jambo la dakika moja na halina gharama. Hawakulifanya. Nilipoomba kingpini zangu za zamani nizione zilivyoliwa, nikaambiwa zimeshauzwa chuma chakavu. Saa hiyo hiyo? Gari langu, chuma changu, kimeuzwa kabla mimi sijamaliza kulipa?

Gereji ya tatu ndiyo ilitaka kuniua, na hili silisemi kwa kukuza. Wakasema boksi yenyewe imekufa, nitafute nyingine ya mtumba ya Sh 1,600,000. Nikasema sina. Wakasema basi tukupunguzie mlio kwa muda. Wakakaza ile skurubu ya kurekebishia iliyo juu ya boksi, Sh 50,000. Mlio ukapungua kweli. Lakini usukani ukawa mgumu, na ukishakata kona haurudi wenyewe, mpaka uuvute kwa mikono miwili.

Kesho yake nikavuka daraja la Kigongo–Busisi na mzigo kamili. Daraja lile ni kilomita 3, maji ya ziwa huku na huku, na siku hiyo upepo ulikuwa unalipiga turubai kwa ubavu. Kila upepo ukinisukuma narekebisha, usukani unagoma kurudi katikati, narekebisha tena kwa upande wa pili, ngo. Utingo wangu, kijana mzungumzaji sana, hakufungua mdomo mpaka tumefika ng'ambo. Tulipofika akaniambia, "Kaka, hili gari tusilipande tena." Na alikuwa na haki.

Dereva mwenzangu pale Mwaloni akanielekeza kwa mzee mmoja aliyestaafu ufundi, anayefanyia kazi nyumbani kwake. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikaenda kuzima injini. Akanizuia. "Usizime. Na hiyo jeki rudisha kwenye gari."

Akaweka kabari kwenye matairi ya nyuma, breki ya mkono juu, gia huru. Akampandisha utingo akamwambia acheze na usukani, kushoto kulia, kwa upana wa kiganja tu, asiache. Injini inaunguruma kwa sababu stelingi hii inasukumwa na oili. Ukizima, ile nguvu haipo na ubovu unajificha. Matairi yako chini kwa sababu lori likinyanyuliwa uzito unaondoka na viungo vinalegea, haviumi tena pale vinapouma barabarani. Mzee akajilaza ubavu, akawa anaweka vidole kiungo kimoja kimoja. Tairodi endi, hakuna. Dragi linki, hakuna. Krosi za shafti inayoshuka kutoka kwenye usukani, hakuna. Akafika kwenye boksi, akatulia. Akaomba chaki.

Akachora mstari mmoja mnyoofu, nusu kwenye boksi, nusu kwenye chesisi, yaani fremu ya lori. "Haya, kijana, zungusha." Wakuu, ule mstari ukakatika mbele ya macho yangu. Nusu ya boksi ikapanda, ngo, ikashuka, ngo. Boksi nzima ilikuwa inatembea kwenye chesisi! Kuzunguka vichwa vya bolti mbili kulikuwa na vumbi la kutu laini kama unga wa pilipili. Mzee akasema vumbi lile ni chuma kinachosugua chuma, popote ulionapo jua pamelegea. Gereji tatu zililishika lori lile na vumbi lile lilikuwepo.

Boksi ile inashikwa na bolti nne. Mbili zilikuwa za kwake, kichwani zimeandikwa 10.9. Mbili hazikuwa na namba yoyote, na zilikuwa nyembamba kuliko matundu yake. Alipozichomoa, viuno vyake vimeliwa kama mfupa uliotafunwa. Yaani siku ile ya oili sili, bolti mbili zilipotea au zilikatika, mtu akaokota zozote kwenye kopo la bolti akafungia stelingi ya lori la tani 7, halafu akaniachia niingie barabarani. Nilipomrudia akaniuzia tairodi endi.

Namba ile kichwani si urembo, jamani. 8.8 ni bolti ngumu, 10.9 ni ngumu zaidi, na ile isiyoandikwa kitu hujui imetengenezwa kwa chuma gani. Ya kufungia bango la duka sina neno. Stelingi?

Mzee akasafisha chesisi kwa brashi ya waya na petroli, akamulika tochi kila tundu kutafuta ufa. Hakukuwa na ufa wala tundu lililopanuka. Alisema lingepanuka kazi ingekuwa nyingine kabisa. Akafunga bolti nne mpya za 10.9 na nati mpya, Sh 32,000, akakaza kwa spana ya kupimia. Akailegeza ile skurubu niliyokaziwa, akairekebisha upya matairi yakiwa yamenyooka mbele, mpaka usukani ukaanza kurudi wenyewe. Ufundi, Sh 40,000. Akaniambia nikimaliza safari moja nirudi azikague tena, nikarudi, hazijasogea hata kidogo.

Kimya, wakuu. Juzi nimetoka Geita mpaka Mwaloni nasikia injini na matairi tu.

Sasa nataka kujua. Kuna fundi humu anayeweza kuniambia kwa nini hamfanyi kipimo cha kuzungusha usukani injini ikiwa inawaka? Mnachohitaji ni mtu mmoja juu na mwingine chini. Na ninyi wenye malori, kuanzia leo msikubali spea ya stelingi ifunguliwe kabla fundi hajaweka mkono wako pale panapogonga ukahisi mwenyewe. Spea ya zamani mkabidhiwe kabla hamjatoa pesa. Aliyewahi kudai na kurudishiwa fedha kwa kazi ya namna hii aniambie alianzia wapi, kwa sababu risiti ya oili sili ninayo.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa getini kwa gereji ile ya kwanza na hizo bolti mbili mkononi.