Ushauri wenu wakuu: nimepewa siku 14 nitoke barabarani, niingie sokoni au nikomae?

Sufuria Nyeusi (mleta uzi), Jumamosi
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja maana usingizi sina, leo siku ya tatu.

Nauza pweza na supu yake pembeni ya barabara huku Temeke, kituo sitataja. Saa 11 jioni sufuria inatua, saa 5 usiku natoa jiko. Wateja ni watu wanaoshuka daladala wakitoka kazini, makonda, bodaboda, na wazee wawili watatu wanaokuja na vikombe vyao kutoka nyumbani wakisema wametumwa.

Jumatatu wamepita mgambo wakiwa na mtendaji, wakapiga rangi nyekundu kwenye nguzo. Siku 14. Kila mwenye meza, genge au jiko aingie sokoni, atakayekaidi vitu vinabebwa. Soko lenyewe lipo, mita kama mia nne toka nilipo. Ila geti linafungwa saa 12 jioni. Sasa pweza wa saa 9 mchana nimuuzie nani?

Nimewaza mambo mawili: niingie sokoni nibadilishe biashara kabisa, au nikomae barabarani, wakija nabeba sufuria nakimbia, wakiondoka narudi. Nina watoto watatu. Na inauma zaidi kwa sababu wiki hii ndiyo hela imeanza kukaa, maji mafu, pweza wamejaa soko la samaki la Feri na bei imeshuka. Nishaurini. Matusi sitaki.

Kijiti cha Meno
Kwanza pongezi. Bila nyinyi kuna ndoa humu zingekuwa zimeshafika ustawi wa jamii. Ushauri sina, nipo hapa nasoma.

Mkandarasi Mdogo
Mkuu, kabla ya kulaumu mgambo, pima ulipo. Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa barabara kuu na za mikoa. Zamani ilikuwa 22.5. Ukiwa ndani ya hifadhi hiyo, mtendaji hana mamlaka ya kukuruhusu, wala mwenyekiti wa mtaa, hata kama kila siku anakunywa supu yako bure. Nyie mkishajaa pembeni, mtembea kwa miguu anashuka kwenye lami, lori linampitia, halafu tunalaumu dereva.

Sufuria Nyeusi
Mkandarasi sijauliza mita. Nimeuliza niingie au nikomae.

Dalali Mstaafu
Kijana, nikusimulie. Oktoba 2021 walipotusafisha Dar nzima nilikuwa Kariakoo na meza ya mikanda na soksi. Nikaambiwa nenda kule, kuna nafasi. Nikaenda. Siku ya kwanza nimeuza mkanda mmoja, kwa jirani yangu wa meza, na yeye akanunulia huruma. Siku ya pili mimi nikanunua bisibisi kwake, tukawa tumelipana fadhila. Mwezi mzima machinga tunauziana wenyewe kwa wenyewe.

Soko linajengwa pale kiwanja kilipopatikana, mteja yeye anapita njia yake ya nyumbani. Machinga Complex pale Karume ilikamilika 2010, jengo la maana, na miaka mingi baadaye vizimba vingi vya juu vilikuwa vitupu huku njia ya chini haipitiki kwa meza. Mtu hapandi ngazi kufuata soksi. Mimi niliacha, nikaingia udalali wa vyumba, nikasomesha. Sasa nimestaafu, nafuga kuku Chanika. Kuku nao wana mambo yao, mwezi uliopita mdondo umenichukulia thelathini na...

Kijiti cha Meno
Dalali, kuku fungulia uzi wao.

MamaAkida
Mimi nimekaa barabarani na chapati miaka tisa. Kile kitambulisho cha mjasiriamali cha elfu ishirini, vile vilivyoanza Desemba 2018, nilikivaa shingoni kama mtoto wa chekechea, na kweli kwa muda mgambo walikuwa wanapita wanasalimia. Kisha 2021 kikageuka kuwa kadi tu. Kwa hiyo uchungu wako naujua, mwanangu.

Ila nina swali. Mwaka huo wa 2021 watu wa barabara hizo waliandikishwa majina, wakapewa vizimba. Wewe kipindi hicho ulikuwa wapi?

Sufuria Nyeusi
Mama shikamoo. Nilikuwepo. Hiyo ni hadithi ndefu, tuongelee ya sasa.

Wa Githurai
Poleni ndugu zetu. Huku Nairobi kanjo, yaani mgambo wa jiji, hawana siku 14, unaskia tu firimbi na watu wanakimbia. Tuliambiwa Muthurwa ndiyo soko la hawker, watu wakaenda, wengine wakarudi town jioni ileile. Ukikomaa hakikisha una viatu vya kamba.

Bamvua
Assalaam alaykum. Mie niko Unguja. Hebu tazameni Forodhani. Bustani ilifunguliwa upya 2009 baada ya kukarabatiwa na taasisi ya Aga Khan, na wauzaji hawakufukuzwa, walipangiwa saa. Mchana watoto wanacheza na wazee wanapunga upepo. Jua likishuka meza zinaingia, taa zinawaka, urojo, mishikaki, pweza, miwa. Usiku ukenda, meza zinaondoka. Ardhi ni ileile, ila kila mmoja ana wakati wake. Na huko kwenu Kariakoo si mmezindua biashara ya saa 24 mwaka 2025? Basi waandikieni manispaa, muombe geti la soko lifunguliwe hadi saa 5 usiku. Hoja yenu iwe saa, msibishane juu ya barabara, hapo hamtashinda.

Mkandarasi Mdogo
Hii ya Bamvua ndiyo hoja ya kwanza ya maana humu. Ila nani alipe umeme, mlinzi na maji ya kuosha hizo sufuria? Pweza akitemwa chini, asubuhi muuza nyanya anakuta paka kumi na mbili.

Fundi Saa
Samahani, mimi kazi yangu ni kuhesabu masaa. Mleta uzi anasema mgambo walikuja Jumatatu. Leo ni Jumamosi. Usingizi umemtoka "leo siku ya tatu", yaani toka Alhamisi. Jumatatu, Jumanne na Jumatano alilala fofofo na rangi nyekundu ipo kwenye nguzo. Alhamisi kulitokea nini?

MamaAkida
Ehee! Na swali langu la 2021 bado linaning'inia hapo juu.

Kijiti cha Meno
Navuta kiti.

Sufuria Nyeusi
Haya. Nasema, lakini msinihukumu.

Mwaka 2021 nilipewa kizimba kwenye soko hilohilo. Nikakaa wiki tano, siuzi. Geti la saa 12, nimeshaeleza. Nikarudi barabarani, kizimba nikampangisha mama mmoja wa unga, maharage na dagaa. Ananipa elfu 60 kwa mwezi, mimi ushuru wa manispaa hauzidi robo ya hapo. Jina kwenye daftari la soko ni langu. Wengi wamefanya hivyo, msijifanye mmeshtuka.

Sasa kwenye tangazo la juzi kuna maneno mengine sikuyaandika: kutakuwa na uhakiki, atakayekutwa ndani ya kizimba ndiye ataandikwa mwenye kizimba. Yule mama akikutwa yeye, kimekwenda. Nikamtumia ujumbe kwamba mwisho wa mwezi apishe. Akajibu ana kodi yake ya miezi sita aliyolipa mbele na minne haijaisha. Ni kweli, hela nilipokea, ilikuwa ya ada ya shule.

Alhamisi usiku nikaenda nikabadilisha kufuli.

MamaAkida
Mali ya mama wa watu imo ndani?

Sufuria Nyeusi
Viroba viwili vitatu. Sijaiba, vipo.

MamaAkida
Laki mbili na arobaini zake umekula, unga wake umeufungia, na umekuja kuuliza "niingie au nikomae". Mwanangu, ulishaingia.

Mjomba Kilwa Road
Jamani tusiwe wanafiki. Kizimba chake, jina lake. Huyo mama alijua anapanga kwa mlango wa nyuma. Kwenye uhakiki kila mtu anapigania chake, mimi ningefanya hivyohivyo, ila ningerudisha hela kwanza.

Dalali Mstaafu
Hilo kufuli ni kosa la kitoto. Nimefanya udalali miaka kumi, mpangaji ukimfungia mali anakwenda kwa mwenyekiti, mwenyekiti anaita mtendaji, na mtendaji ndiye mwenye lile daftari la uhakiki. Umempelekea ushahidi mwenyewe kwamba unapangisha. Kama ungetulia mngekaa pamoja siku ya uhakiki, wewe mbele na yeye nyuma kama msaidizi, mngepita wote.

Mkandarasi Mdogo
Dalali unafundisha watu udanganyifu hadharani.

Dalali Mstaafu
Nafundisha amani.

Bamvua
Mie kuna jambo linanikera tangu mwanzo wa uzi, nalisema sasa. Bwana huyu kaandika kuwa wiki hii ni maji mafu, pweza wamejaa na bei imeshuka. Pweza anapatikana kwenye bamvua, maji yanapokauka hadi miamba inaonekana na watu wanatembea na mikuki yao. Maji mafu hayakauki, pweza anaadimika, bei inapanda. Mtoto wa miaka saba Nungwi analijua hili. Huyu hajapata kununua pweza.

Kijiti cha Meno
CHAI HIYO, uongo mtupu! Tena ya tangawizi. Nileteeni na kachori.

Msomi wa Mtaa
Nilihisi mapema. Hii si stori ya muuza pweza. Aidha ni mwanafunzi anatafuta data ya tasnifu, aidha ni afisa wa manispaa anatega ili watu waje kujisema "hata mimi nimepangisha kizimba". Angalieni alivyosema "wengi wamefanya hivyo". Mjomba Kilwa Road, umeshajitaja wewe.

Mjomba Kilwa Road
Mimi nimesema NINGEFANYA. Soma vizuri.

Wa Githurai
Sasa kama ni afisa, pweza ni wa nani?

Fundi Saa
Weka picha ya kufuli, tumalize.

Sufuria Nyeusi
Picha siweki, mnataka soko lijulikane. Mimi si afisa, afisa gani anakosa ada ya shule.

Bamvua, nimekosea maji. Feri siendi mimi. Sufuria ni yangu na jiko ni langu ila anayepika na kukaa barabarani ni mdogo wake mke wangu, toka mwaka jana mwanzoni. Mimi jioni napita kuchukua hesabu. Juzi hesabu iliongezeka, nikamuuliza kulikoni, akaniambia mambo ya maji, sikumsikiliza vizuri.

MamaAkida
Subiri kwanza. Kizimba anakaa mama wa unga anakulipa. Barabarani anakaa shemeji yako anakulipa. Rangi nyekundu imepigwa pa shemeji. Kufuli umemfungia mama wa unga. Wewe mwenyewe unauza nini, na wapi?

Mjomba Kilwa Road
😂😂 Mwenye nyumba wa machinga.

Sufuria Nyeusi
Mtaji ni wangu mama. Nilikaa kwenye hiyo barabara miaka sita, nimemwagiwa supu na mgambo mara mbili, kovu la mguu ninalo. Kupumzika nalo ni kosa?

Msomi wa Mtaa
Kovu nalo tutaliamini bila picha?

Bamvua
Mie kidogo naanza kumwamini. Mwongo angejifunza maji kwanza.

Mkandarasi Mdogo
Na huyo shemeji ameulizwa anataka nini? Maana siku ya 15 sufuria inabebwa kutoka mikononi mwake, si mwako.

Sufuria Nyeusi
Yeye anasema atahamia Kariakoo usiku, ana rafiki ana nafasi. Anataka kununua jiko lake. Hilo nalo linaniumiza kichwa, sikuliandika.

Dalali Mstaafu
Kwa hiyo ndani ya wiki moja unapoteza kizimba, barabara na mpishi. Nenda kafungue kufuli leo, usingoje kesho. Mwambie mama muandikishane: uhakiki mnakaa wote, miezi yake minne inabaki palepale, baada ya hapo mnazungumza upya. Chukua shahidi asiye ndugu yako.

Sufuria Nyeusi, Jumapili
Nimetoka sokoni. Kufuli nimetoa. Nilimkuta amekaa nje ya kizimba juu ya ndoo, na wenzake wawili. Hakunitukana, na hilo ndilo limenitisha. Aliingia, akatoa viroba kimoja kimoja. Kimoja panya wametoboa. Akakiweka kwenye mizani yake mbele yangu, kiroba cha 25 kikasoma kilo 21 na nusu. Akavaa miwani, akaandika kwenye daftari, akaandika na tarehe, akaniambia nishike kalamu. Nikasaini. Sikusoma juu kulikuwa kumeandikwa nini.

MamaAkida
Umesaini bila kusoma?

Sufuria Nyeusi
Watu walikuwa wanaangalia.

Msomi wa Mtaa
Panya, mizani, miwani. Mwandishi mzuri huyu, anatafuta mchapishaji.

Fundi Saa
Kilo tatu na nusu ndani ya siku tatu. Panya wa soko hilo wanafanya kazi zamu.

Kijiti cha Meno
Mimi sijali kama ni chai au maziwa. Leo jioni sufuria ipo au shemeji ameshaondoka?