Tupeane uzoefu: Ukurasa wako wa biashara unamkaribishaje mteja?

Habari za mchana wadau.

Nauza vitenge na khanga Kariakoo, na mtandaoni napatikana Instagram na WhatsApp. Nimeleta uzi huu kwa sababu kila nikipita kwenye kurasa za wafanyabiashara wenzangu nakuta jambo lilelile: picha kali, nembo ya maana, halafu chini yake "Bei njoo DM". Ukienda huko DM, yaani ujumbe wa faragha, unajibiwa kesho kutwa. Kwa maoni yangu mteja hakaribishwi na neno "karibu" lililoandikwa kwa rangi ya dhahabu. Anakaribishwa akikuta maswali yake yameshajibiwa: unauza nini, shilingi ngapi, upo wapi, mzigo unamfikiaje, analipaje.

Yale maelezo ya juu ya Instagram mwisho wake ni herufi 150, kwa hiyo sina nafasi ya mbwembwe. Nimeandika hivi: "Vitenge na khanga, rejareja na jumla. Kariakoo, Mtaa wa Congo. Mikoani tunatuma kwa basi. Jumatatu–Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi 12 jioni." Basi. Hakuna cha "ubora ni jadi yetu". Halafu Instagram inakuruhusu kubandika posti 3 zikae juu muda wote. Kwangu ya kwanza ni bei, ya pili namna ya kuagiza, ya tatu video ya njia.

Hiyo video imenisaidia kuliko matangazo yote ya kulipia. Kijana wangu wa dukani alishika simu akatembea kuanzia kituo cha mabasi ya mwendokasi Gerezani mpaka mlangoni kwetu, huku anataja anachokiona: hapa wauza mabegi, hapa tunakata kushoto, tunapanda ngazi, mlango wa pili wenye pazia la bluu. Kariakoo ukimwambia mgeni "tupo ghorofani" ujue umeshampoteza. Siku hizi akina mama wa Morogoro wanafika wenyewe bila kupiga simu.

Haya, tiririkeni. Nyie kwenu mmefanyaje?

cherehani_mwanza
Mkuu, kwenye bei nakupinga kidogo. Kitenge ni kitenge, bei yake haibadiliki kwa sababu mnunuzi ni mnene. Mimi nashona. Gauni la sendofu (sherehe ya kumuaga bibi harusi) linategemea kitambaa, mshono, shanga zipo au hazipo, na unalitaka lini. Nikiandika bei moja nitaumia mimi au ataumia mteja. Nilichofanya ni kuandika "ufundi kuanzia 40,000, kitambaa chako". Wa kuja anakuja, asiyeweza hatupotezeani muda.

Mwenye uzi
Hiyo "kuanzia" nayo ni bei, dada. Ninaowasema ni wale wanaoulizwa bei kwenye komenti mara ishirini na wanajibu "cheki inboksi" mara ishirini.

cherehani_mwanza
Hapo tuko pamoja. Kuna lingine, picha za wateja. Sisi mafundi tunapenda kuposti mtu kavaa kazi yetu, na kweli zinauza kuliko gauni lililotundikwa ukutani. Ila omba ruhusa kwanza. Tanzania sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ilipitishwa 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023, na hata kabla ya sheria kuna watu hawataki shangazi zao waone gauni kabla ya siku yenyewe. Siku ya kuja kujaribisha namuuliza: "Nikuposti, nikate uso, au niache kabisa?" Wengi wanasema kata uso. Nakata.

mikono_unga (Dodoma)
Mimi ni wa keki. Natumia WhatsApp Business, ile ina salamu inayojituma yenyewe mtu akikuandikia mara ya kwanza, au akirudi baada ya kimya cha siku 14. Ya kwangu ilikuja na maneno ya kibenki, "asante kwa kuwasiliana nasi", nikaifuta. Sasa hivi inasema:

"Habari yako, karibu. Niko jikoni na mikono ina unga. Niandikie keki ni ya lini, ya watu wangapi, na iandikwe nini. Nikinawa tu nakujibu."

Watu wanacheka, halafu wanajibu vyote vitatu kwa mpigo. Zamani mazungumzo ya oda moja yalikuwa "mambo", "poa", "unatengeneza keki?", "ndiyo", "sawa"... mpaka jioni hatujafika kwenye tarehe. Pia kuna majibu ya haraka: unaandika mkwaju na neno moja, mfano /kilo, jibu zima la bei linatoka. Ila ukilituma ongeza jina la mtu mbele. Anajua kabisa kama anaongea na wewe au na mashine.

Na wenzangu mnaojiita majina matamu, mimi ukurasa wangu wa Instagram ulikuwa na jina la binti yangu peke yake. Nani atalitafuta? Mtu akitafuta, ile sehemu ya jina nayo inasomwa, siyo ile yenye alama ya @ peke yake. Nikaongeza "Keki Dodoma". Ukibadilisha fikiria vizuri, Instagram wanakuruhusu mara mbili tu ndani ya siku 14.

viatu_gikomba
Salamu kutoka Nairobi. Nauza viatu vya mitumba kutoka Gikomba, na shida yetu ni tofauti: kila jozi ni moja tu. Mtu akipenda kiatu cha juzi akaambiwa kimeenda, na cha jana kimeenda, anachoka na wewe. Kwa hivyo kila posti ina saizi, bei na till (namba ya kulipia kwa simu), na kikiuzwa naandika IMEENDA juu ya picha kabla hata sijapaki. Sizifuti. Mteja mgeni akiona vingi vimeenda anajua hapa kuna biashara. Na saizi pimeni kwa rula ndani ya kiatu, mpige picha hiyo rula. 42 ya Italia na 42 ya Uchina hazijuani.

mnunuzi_makini
Naongea kama mteja, maana huku mmejaa wauzaji tu. Mimi kabla ya kutuma hela naangalia vitu vitatu. Komenti zimefungwa? Naondoka. Lipa Namba, ile namba ya kumlipa muuzaji kwa simu, inaleta jina gani kabla sijathibitisha malipo? Kama ukurasa ni duka la vyombo na jina linalotokea ni la mtu nisiyemjua, naondoka. Tatu, sauti ya muuzaji. Akinitumia video fupi ya kitu chenyewe huku anaongea, "kaka, hii ndiyo sufuria yako, mfuniko huu hapa", nalipa bila kinyongo.

mama_wali_posta
Napikia watu wa maofisini. Chakula cha siku naweka kwenye stetasi ya WhatsApp saa 3 asubuhi, inajifuta yenyewe baada ya saa 24, kwa hiyo hakuna anayeniagiza biriani ya Ijumaa siku ya Jumatatu. Kwenye Facebook nawaambia msiogope malalamiko. Kaka mmoja aliandika hadharani kwamba wali ulifika umepoa. Nikamjibu palepale: "Pole sana kaka yangu, ni kweli boda alikwama. Leo chako kinatoka wa kwanza, juisi juu yangu." Wenzake wa ofisi hiyohiyo wakaanza kuagiza. Ningemfutia komenti angeenda kuisema kwenye lifti.

mdogo_wa_baba_vifaa
Naongeza la usalama. Ukurasa wa kaka yangu ulifunguliwa na kijana aliyejitolea kusaidia, kwa laini na barua pepe yake mwenyewe. Walipokosana, ukurasa ukaondoka na wafuasi wote. Fungueni kwa laini mliyosajili wenyewe kwa NIDA (kitambulisho cha taifa) na washeni uthibitisho wa hatua mbili, yaani neno la siri peke yake lisitoshe kuingia. Anayewasaidia kuposti Facebook apewe ruhusa yake kwa akaunti yake. Neno lenu la siri hahitaji.

mnunuzi_makini
Dada wa keki Dodoma, nina jambo la mtoto. Oda ya Jumamosi mwisho lini, na unapeleka mpaka Nkuhungu?

mikono_unga
Mwisho Alhamisi jioni, na Nkuhungu napeleka. Ila kaka, vyote hivyo vipo kwenye posti ya kwanza niliyobandika 😄 Keki ya watu wangapi?