Pampu ya vakyumu: Dar ilifika 29, Mbeya inagota 24. Nimeuziwa kimeo?

FundiUyole
Wakuu, habari za majukumu. Nimenunua pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa na unyevu kwenye friji kabla ya kujaza gesi) Kariakoo, mpya ya boksi, hatua mbili, 4 CFM (futi za ujazo 4 kwa dakika). Muuzaji aliiwasha palepale dukani, geji ya bluu, ile ya presha ya chini, ikashuka hadi inchi 29 na ushee. Nimefika nayo Mbeya, nimeweka oili iliyokuja nayo mpaka katikati ya alama za kioo, nimefunga hozi, nimewasha. Mshale unashuka haraka vizuri tu, halafu unagota 24 na kidogo. Nimeiacha saa nzima, haisogei. Nimebadilisha hozi, nimebadilisha geji, ni yaleyale. Muuzaji kwenye simu anadai nimeiua mwenyewe kwa oili. Friji ya mteja iko hapa, ya gesi ya R134a, kompresa na draya (kichujio cha kunyonya unyevu) vyote vipya. Niirudishe pampu, au kuna kitu kwenye ufungaji sijakijua? Nawasilisha.

KijanaWaIlala
Mkuu hiyo ndogo. Fungua kioo cha geji, kuna skrubu pale, geuza mpaka isome 30, maisha yaendelee. Ikishindikana kata kompresa ya friji bovu utumie hiyo kuvutia. Sisi tunakula nayo miaka yote.

MzeeDraya
Usiiguse hiyo skrubu!

Pampu yako haina kosa, umepanda mlima tu. Dar uko usawa wa bahari, hewa ya nje inakandamiza kwa inchi 29.9 za zebaki. Mbeya mjini uko mita 1,700 hivi, hewa iliyobaki ni kama inchi 24.4. Geji ya bluu inapima tofauti kati ya hewa ya nje na kilichomo ndani ya paipu, basi. Ukishatoa hewa yote ndani, tofauti haiwezi kuzidi ile hewa ya nje yenyewe. Nairobi wanagotea 24, Arusha 25 na kitu, Eldoret 23. Hakuna pampu duniani itakayokusomea 30 hapo Uyole.

Sasa ukiilazimisha kwa skrubu, sifuri yako imekufa. Ukija kuchaji gesi, geji itasoma pungufu kwa karibu PSI 3, utajaza gesi kupita kiasi halafu useme kompresa za siku hizi feki.

FundiUyole
Shikamoo mzee. Nimekuelewa kabisa. Kwa hiyo vakyumu niliyovuta ni nzuri, nichaji?

MzeeDraya
Marahaba. Sijasema ni nzuri. Nimesema geji hiyo haina uwezo wa kukuambia. Tunachokitafuta ni maikroni 500 au chini yake (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita ya zebaki), na hiyo kwa inchi ni 0.02, nyembamba kuliko mshale wenyewe. Ukiwa na maikroni 5,000, yaani bado maji yamo, mshale unakaa palepale. Tafuta geji ya maikroni, azima kwa watu wa viyoyozi. Yenyewe haijali milima, inasoma kilichomo ndani tu. 500 ya Dar ndiyo 500 ya Mbeya.

BintiBaridi
Naongezea upande wa kufunga, maana hapo ndipo pampu nyingi zinasingiziwa.

Kabla ya kuigusa friji, funga geji ya maikroni moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu, bila manifoldi (kile kibao cha geji mbili), bila hozi. Pampu ya hatua mbili yenye oili safi inatakiwa ishuke chini ya 100 bila kujivuta. Ikishuka, ugomvi na muuzaji umekwisha. Isiposhuka, mwaga oili ikiwa bado ya moto, weka mpya, rudia. Na iwe oili ya pampu ya vakyumu. Kuna watu wanaweka ya injini, sijui wanapata wapi ujasiri.

Pale juu ya pampu kuna koki ndogo ya kupitisha hewa kidogo, wengi hawajawahi kuigusa tangu wanunue. Ifungue dakika za mwanzo, hasa friji iliyokaa wazi, ili mvuke wa maji utoke nje badala ya kugeuka maji ndani ya oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, ndiyo hayo. Baadaye ifunge, kwa sababu ikiwa wazi hutafika chini.

Hozi: zile nyembamba za rangi tatu ni za kuchajia. Kuvutia tumia nene na fupi, ya inchi 3/8. Na kama friji ina vali yenye sindano ndani, itoe ile sindano kwa kifaa chake. Inaziba njia kuliko unavyodhani. Geji ya maikroni ikae upande wa friji, mbali na pampu, la sivyo utakuwa unapima pampu huku friji bado ina unyevu.

KijanaWaIlala
Mnafanya mambo magumu. Mafundi wa zamani walivuta kwa kompresa na friji zao zinagandisha mpaka leo.

MzeeDraya
Mimi ndiye hao wa zamani, kijana wangu. Zilikuwa za gesi ya zamani ya R12 na oili ya madini, haijali unyevu kidogo. Ya R134a inatumia oili ya POE (ya kutengenezwa kiwandani), inanyonya maji hewani na kugeuka asidi. Na kompresa ya friji hupozwa na gesi inayorudi. Ukivutia vakyumu hakuna gesi, inaungua taratibu huku ikitema oili yake.

Mkale_Eldy
Wasee, hakuna aliyetaja stima. Power ikipotea pampu ikiwa inavuta na valvu ya kati ya pampu na friji iko wazi, oili inarudi nyuma hadi ndani ya mfumo, ndio mwisho wa kazi yako. Pampu zingine ziko na valvu ya kuzuia hiyo, za bei rahisi hazina. Mimi sitoki kando ya mashine. Na ukimaliza, funga valvu kwanza, uzime pampu baadaye. Kitu kingine, angalia kibandiko cha mota. Kama iliandikwa 60 Hz, kwa 50 Hz yetu inazunguka pole, ile 4 CFM unapata kama 3.3. Kwa friji ya nyumbani inatosha tu.

FundiUyole
Mrejesho wakuu. Nimeazima geji kwa jamaa wa viyoyozi Mwanjelwa. Pampu peke yake imefika 60. Kwenye friji inakwama 2,300. Nikifunga valvu inapanda hadi 4,000 hivi, halafu inatulia hapo.

BintiBaridi
Ikitulia ni maji. Ingekuwa inavuja ingepanda bila kusimama. Huko kwenu sasa hivi ni baridi, maji hayachemki upesi. Pasha kompresa na ivapoureta (sehemu inayogandisha) kwa taa au kikausha nywele, usitumie moto wa gesi, plastiki itakulilia. Badilisha oili ya pampu, vuta tena. Ukikaa chini ya 500 na ukifunga valvu ikabaki huko dakika kumi, chaji.

FundiUyole
Kikausha nywele cha mke wangu kimefanya kazi. 420, imetulia. Swali la mwisho: nachaji kwa PSI zilezile za chati ya ukutani, ile ya presha na joto la gesi?

MzeeDraya
Hapana, chati ile ni ya usawa wa bahari. R134a kwenye nyuzi -26 Dar inasoma sifuri, hapo kwako itasoma 2.7. Kila namba ya chati iongeze 2.7. Ila kama kibandiko cha friji kimeandika gramu, achana na PSI kabisa, pima kwa mizani.

KijanaWaIlala
Mizani ya aina gani mzee? Ya jikoni inafaa?

MzeeDraya
Kama inabeba uzito wa mtungi na inasoma gramu mojamoja, inafaa.