Baba auze shamba la miti ili kijana akasome digrii ya hesabu? Tujadili

Kamwene ndugu zangu. Huku Mufindi matokeo ya form six yakishatoka tu, maongezi yanahamia kwenye miti. Kuna nyumba hapa Mafinga kijana wao kamaliza PCM (fizikia, kemia na hesabu), hesabu iko damuni, anataka akasome digrii ya hesabu, sasa baba yake kaanza kuongea na dalali auze shamba la mipaina ambalo bado changa, na mjomba mtu kasimama kidete anasema hesabu haina kazi, bora dogo aende MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kule Mbeya, akasome uhandisi au abaki ashike biashara ya mbao. Wamenifuata mimi kwa kuwa nafundisha hesabu, nikaona nilete kwa wengi maana hii siyo shida ya nyumba moja.

Mimi nasema hivi: hesabu isomwe, shamba lisiuzwe.

Tupige mahesabu kidogo. Ada ya kozi ya sayansi chuo cha serikali tuiweke milioni 1.3 kwa mwaka. Bumu, yaani hela ya mkopo ya chakula na malazi, ni elfu 10 kwa siku, tukikadiria siku 240 za chuo hiyo ni milioni 2.4. Jumla 3.7, mara miaka 3 ni milioni 11.1, hapo sijagusa vitabu wala nauli. Hela nyingi, sikatai, ndiyo maana baba anaona dawa ni shamba. Lakini akikopa Bodi ya Mikopo, makato ni asilimia 15 ya mshahara, tuseme dogo kaajiriwa kwa laki 7, anakatwa laki 1 na elfu 5 kila mwezi, atamaliza deni kwenye mwaka wa 9 hivi. Watu wanaogopa hii miaka, ila kitu kimoja hawakiangalii: ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa inaongezeka kila mwaka Rais Samia aliifuta, alitangaza Mei Mosi 2021. Kwahiyo deni la Bodi halikui tena. Mti unakua. Sasa wewe unauzaje kitu kinachokua ili ukwepe deni lisilokua? Na mti mwembamba unatoa mbao chache, halafu dalali akishajua unakimbizana na ada anakupangia bei anayotaka yeye. Nakubali moto wa kiangazi upo na unafuta shamba zima kwa siku moja, lakini dawa ya moto ni kulima barabara za moto, siyo kukata miti michanga.

Atakuja mtu kuniambia mkopo hautolewi kwa kila mtu asilimia mia. Kweli kabisa, Bodi inaangalia uhitaji. Basi pengo likibaki liuzwe viazi, ikibidi ipunguzwe miti michache iliyokomaa pembeni, ila siyo shamba lote.

Tuje kwenye kipato maana hapa ndipo mjomba anapiga kelele. Hesabu ya ualimu, mfano pale chuo cha Mkwawa Iringa, mimi ningeichagua bila kusitasita. Angalia matokeo ya kidato cha nne miaka yote hii, wanaofaulu hesabu wanacheza kwenye robo ya watahiniwa au chini ya hapo, shule za kata zinalia hazina walimu wa hesabu, na hata kabla ajira ya serikali haijatoka mwalimu wa hesabu shule binafsi zinampokea na twisheni mtaani anapata, wakati mwenzake wa masomo ya sanaa anaweza kukaa kitaa miaka na miaka. Gharama kubwa kuliko ada ni hiyo miaka ya kukaa, ndiyo inayomaliza vijana wetu. Siku hizi mwalimu naye anafanya usaili, siyo kupangiwa kituo tu kama zamani, lakini foleni ya hesabu bado ni fupi.

Hesabu tupu bila ualimu hapo napunguza kasi. Inalipa kwa anayeongezea kitu kabla hajamaliza: takwimu, kuandika programu za kompyuta, au mambo ya bima. UDSM wana digrii ya watakwimu bima, ila mzazi ajue digrii peke yake haimalizi safari, kuna mitihani ya bodi za nje inalipiwa kwa fedha za kigeni. Na kozi yenyewe siyo mchezo, watu wanapata sapu (kurudia mtihani) na wengine wanadisko (wanaondolewa chuo kwa kufeli), mtoto akidisko mwaka wa pili deni linabaki na cheti hamna. Kama dogo PCM yake kaponea chupuchupu asilazimishwe. Huyu wa jirani kafaulu vizuri.

Na mjomba anayesema aende uhandisi, huko nako ni hesabu mwanzo mwisho na miaka ni 4.

Sasa nawaomba mliosoma hesabu tupu, mliopo Iringa, Mbeya, Njombe hata Tunduma, mseme ukweli: mlikaa muda gani kabla ya kazi ya kwanza, ilikuwa kazi gani, na mlianza na shilingi ngapi? Na wenye miti mseme paina ya miaka 8 na ya miaka 15 sasa hivi zinaachana shilingi ngapi shambani, maana baba anakutana na dalali Jumamosi.